Sura ya 6: Mjumbe Hauawi

Barabara ya Matombo inachepuka Bigwa, ukishatoka tu Morogoro mjini, ikaufuata mlima Uluguru kwa upande wa mashariki. Unapita Kiroka, unapita Mkuyuni, na kadiri unavyosonga ndivyo migomba, mifenesi na michungwa inavyoibana njia. Upande huu ndio unaoyapokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na vijito vyake ndivyo vinavyoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Ukifika utaviona vilima viwili vilivyosimama jirani, na hutahitaji kuuliza kwa nini sisi Waluguru tulipaita mahali hapo Matombo, yaani matiti.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mjomba kutembelea nyumbani. Ulikuwa msimu wa karafuu, zimeanikwa mikekani mbele ya nyumba, na harufu yake ilipaswa kutukuta barabarani. Sisi tulikuwa tunanusa petroli. Mjomba alifungua dirisha tangu Kiroka na hakulifunga tena. Mdomo wa eksozi ya Noah yangu ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Mafuta niliyozoea kuyatumia wiki nzima yalikuwa hayafiki Alhamisi. Na kwenye dashibodi, ile taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini ilikuwa inawaka.

Usidhani sikuwa nimelitibu gari. Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupimia, ikatoa kosa P0171: mchanganyiko una hewa kupita kiasi. Wakasema sensa ya oksijeni imechafuka. Wakaifungua, wakailaza usiku kucha kwenye kopo la petroli, asubuhi wakaisugua kwa brashi ya waya na kuirudisha. Taa ikazimika siku mbili. Gereji ya pili wakasema ile imeshakufa, wakanifungia nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Taa ikazimika siku tatu.

"Gari hili," mjomba alisema tulipokuwa tunaingia kijijini, "linakunywa kuliko wewe unavyolipatia." Kwetu mjomba akisema, limekwisha. Akanielekeza kwa fundi.

Gereji ilikuwa kivuli cha mfenesi, magogo mawili na kisanduku cha spana. Fundi mwenyewe kijana, hana mashine ya kusoma makosa.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nilimsimulia yote tangu kopo la petroli hadi sensa ya mtumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo gereji mbili za mjini hazikuniuliza: "Mzee, asubuhi ukiwasha, injini ikiwa bado ya baridi, haitoi mlio kama cherehani?"

Ilikuwa inatoa.

Inahesabu nini

Kwa Mtanzania, neno sensa humkumbusha karani anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Hatujapotea sana. Hii nayo inahesabu, ila inachohesabu ni oksijeni iliyobaki ndani ya moshi.

Petroli haiungui peke yake. Ili kilo 1 iungue yote bila kubakiza mafuta wala hewa, inataka kilo 14.7 za hewa. Ukitaka kulielewa hilo kwa kipimo cha dukani, lita moja ya petroli inahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Hewa ikipungua, mafuta yanatoka yakiwa hayajaungua vizuri: moshi mweusi, masizi, pesa inayopeperuka. Hewa ikizidi, injini inakosa nguvu na inachemka vibaya ndani. Kompyuta ya gari inakadiria kiasi cha kunyunyiza kwenye nozeli, lakini kadirio ni kadirio. Mpishi naye hukadiria chumvi, kisha huonja mchuzi. Sensa ya oksijeni ndiyo ulimi huo.

Umbo lake ni kama plagi, imefungwa kwa nati kwenye bomba la eksozi, na kichwa chake kimeingia ndani ya moshi. Ukikivua kile kikofia chenye matundu utakuta kidole cha kauri iitwayo zirkonia, kilichopakwa utando mwembamba wa platinamu nje na ndani. Upande wa nje unaoga moshi. Upande wa ndani unapata hewa safi ya nje ya gari. Kauri hiyo ikipata moto, kama nyuzi 300 na zaidi, huruhusu oksijeni ipenye, na tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili huzaa umeme. Ni umeme mdogo sana. Mafuta yakizidi, volti hupanda karibu 0.9. Hewa ikizidi, hushuka karibu 0.1. Mpaka wa katikati ni 0.45.

Kompyuta ikiona 0.9 inapunguza mafuta, ikiona 0.1 inaongeza, inaonja tena. Ndiyo maana sensa nzima haitulii. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, volti inapaswa kuvuka ule mpaka wa katikati mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10. Sensa inayotulia tuli, au inayojikokota, ndiyo mgonjwa.

Kwa kuwa haifanyi kazi ikiwa baridi, nyingi zimewekewa hita ndani. Hiyo ndiyo sababu ya waya nne: mbili zenye rangi moja ni za hita, mbili zilizobaki ni za habari. Magari mengi ya karibuni yana aina nyingine inayopima kwa mkondo wa umeme badala ya volti. Hiyo usiipime kwa kanuni za hapa.

Elimu hii ni ya zamani kuliko gari la babu yako. Mwaka 1889 Mjerumani Walther Nernst alitoa hesabu ya jinsi tofauti ya aina hiyo inavyozaa umeme, na kabla karne ile haijaisha akatengeneza taa iliyotumia zirkonia, kwa sababu aligundua kuwa ikipata moto hupitisha umeme. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Ilibidi ingoje hadi 1976 ndipo kampuni ya Bosch ikaiweka sensa hii kwenye magari ya Volvo yaliyokuwa yanapelekwa California, ambako sheria za moshi zilikuwa kali. Lengo lilikuwa kuyalinda yale masega ya kwenye eksozi yanayosafisha moshi, kwani masega hayafanyi kazi yake sawasawa mchanganyiko ukiyumba.

Anachosema na asichosema

Sasa shika jambo moja, maana sura nzima imesimama juu yake. Sensa ya oksijeni hainusi petroli. Inanusa oksijeni tu.

Chukua plagi iliyokufa. Silinda moja haiwaki. Petroli na hewa vinaingia, haviungui, vinatoka vyote pamoja kwenye eksozi. Pua yako inasema petroli imezidi. Sensa inaona oksijeni tele ambayo haikutumika, inaripoti hewa imezidi. Kompyuta inaamini ripoti, inaongeza mafuta. Sasa gari linanuka zaidi, linakula zaidi, na fundi aliyechomeka mashine anasoma "hewa nyingi" huku akiona masizi. Anaona vinapingana, anahitimisha kuwa sensa ni mwongo.

Si mwongo. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi: anaripoti kilichopita mbele ya nyumba zake, na aliripoti sawa. Kosa liko kwa aliyedhani ripoti ile ni hukumu. Wahenga walishasema mjumbe hauawi, lakini kwenye gereji zetu mjumbe huyu ndiye wa kwanza kuuawa: huloweshwa, husuguliwa, huchomwa moto, kisha hutupwa.

Na swali la cherehani? Mlio ule wa tss-tss-tss asubuhi ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi ya eksozi, pale inaposhikana na silinda hedi. Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanya unajibana, mlio unapungua, na mwenye gari anausahau. Lakini moshi hautoki kwa mfululizo kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto. Mwanya unaotoa moshi nje ndio huohuo unaonyonya hewa ya nje kuingia ndani, mbele ya sensa. Sensa inaiona hewa hiyo na kuiripoti. Kompyuta inaongeza mafuta kuifidia hewa ambayo haikupita kabisa kwenye injini.

Fundi wa Matombo alisubiri injini ipoe. Akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akachovya kitambaa, akakamulia povu kwenye kiungo cha manifoldi, akaniambia niwashe. Povu likachemka mahali pamoja, kati ya silinda ya pili na ya tatu, kama kaa anayepumua tope. Hatukuhitaji mashine.

Kusafisha: kweli na uongo

Je, sensa ya oksijeni husafishwa? Jibu linategemea uchafu wenyewe, na uchafu huo unaongea. Ifungue uangalie kichwa chake.

Kikiwa na rangi ya majivu hafifu au kahawia nyepesi, kiko sawa, kirudishe. Kikiwa cheusi, kikavu, kinachopukutika ukigusa, hayo ni masizi: mafuta yamezidi kwa sababu fulani. Kikiwa na ukoko wa kahawia wenye mafuta, injini inakula oili. Kikiwa na weupe kama chokaa au vipunje vyeupe, kimepata silikoni, au maji ya rejeta yaliyochanganywa dawa ya kupoza yanaingia kwenye silinda.

Katika yote hayo ni masizi tu yanayoondoka. Na dawa yake bora ni moto, lakini moto wa injini yenyewe: tibu kwanza kinachozidisha mafuta, kisha liendeshe gari barabara ndefu kwa mwendo wa kutosha, kama Morogoro hadi Chalinze, bila kusimama-simama. Eksozi ikipata moto mkali, masizi yanaungua yenyewe. Ukitaka kufuta kikofia, tumia kitambaa kikavu au brashi laini, basi.

Watengenezaji hawashauri kuilowesha kwenye petroli, dawa ya kabureta wala tindikali. Brashi ya waya inaziba matundu na kukwaruza. Moto wa gesi ya kuchomelea, unaopendwa na baadhi ya mafundi, unapasha sehemu moja ghafla na kuipasua kauri, ufa ambao macho hayauoni.

"Mbona ikisafishwa taa inazimika?" utauliza. Kwa sababu kabla ya kuifungua fundi alichomoa betri, au alifuta kosa kwa mashine. Kompyuta imesahau. Inahitaji safari kadhaa hadi ione tena tatizo lilelile na kuwasha taa. Siku zangu mbili na siku zangu tatu zilikuwa za usahaulifu, nami nililipia zote.

Sumu

Matunzo ya kweli ya sensa yanafanyika mbali na sensa. Ni kuilinda isilishwe sumu.

Adui wa kwanza alikuwa risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Iliganda juu ya platinamu na kuua sensa na masega pamoja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Huyo tumemzika.

Wa pili tumempa sisi wenyewe jina: kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo wapo waliochanganya. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Neno likatoka kwenye matangi likaingia kwenye siasa, kura nazo zikawa zinachakachuliwa. Mafuta ya taa hayaui sensa kama risasi ilivyoua, lakini ndani ya injini ya petroli hayaungui vizuri, yanajaza masizi. Ukielekea milimani jaza tangi mjini, kwenye kituo. Petroli ya chupa iliyopangwa kando ya njia iache iwe ya dharura.

Wa tatu yuko kwenye kisanduku cha fundi, na ndiye hatari kuliko wote: gundi ya silikoni, ile ya kuzibia vioo na sinki, inayopakwa kwenye kifuniko cha valvu au sampu badala ya gasketi. Mvuke wake unaingia kwenye injini kupitia bomba la kupumulia, unaungua, unageuka kuwa utando kama kioo juu ya sensa. Hakuna kinachouosha. Ziko gundi za injini zilizoandikwa kuwa salama kwa sensa. Dai hiyo, na soma tyubu kabla haijafunguliwa.

Wa nne ni maji na tope, na huyu Matombo ni mwenyeji. Kumbuka ule upande wa ndani wa kauri unaohitaji hewa safi. Hewa hiyo kwa kawaida hupenya kupitia nyuzi za waya wake, kuanzia kwenye soketi. Kwa hiyo usipake grisi wala kunyunyiza mafuta ya kuzuia kutu kwenye soketi hiyo ukidhani unaitunza, unaiziba pua. Ukifika kwenye kivuko ambacho masika yamekijaza, simama, injini ipoe kwanza, kisha uvuke polepole. Kauri yenye moto ikimwagiwa maji baridi inapasuka kama chungu. Wanaoosha magari kwa mashine ya presha wasiielekeze kwenye eksozi iliyotoka safari.

Kupanda mlima kwenyewe hakuiumizi. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua takriban sehemu moja ya kumi. Magari ya kabureta yalikuwa yakifika juu yanakohoa moshi mweusi, kwa sababu kabureta haikujua kuwa hewa imepungua. Gari lenye sensa linajua, linapunguza mafuta lenyewe. Sensa ikiwa mgonjwa, mlimani ndiko utakakomwona.

Kabla ya kununua nyingine

Ukiambiwa sensa imekufa, fuata mpangilio huu. Angalia plagi na koili. Sikiliza eksozi injini ikiwa baridi, paka povu. Kagua mipira ya hewa inayoingia injini, mmoja uliopasuka unatosha kudanganya kila mtu. Tazama waya za sensa kama hazijagusa bomba zikayeyuka. Kisha pima hita: chomoa soketi, weka mita kwenye zile waya mbili za rangi moja, nyingi husoma kati ya omu 2 na 20. Ikionyesha njia imekatika, hita imeungua, na hapo ni kweli kununua mpya. Kosa P0135 humaanisha hita hiyo.

Pima na habari yenyewe, injini ikiwa ya moto, kwa mita ya kidijitali. Ile ya mshale isitumike, inanyonya umeme wote mdogo uliopo na kukupa jibu la uongo. Sensa za zamani zisizo na hita hudumu kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita huweza kufika 160,000. Kwa hiyo ya mtumba ni bahati nasibu: hujui imebakiza ngapi.

Kuifungua, tumia spana namba 22, injini ikiwa na vuguvugu, baada ya kuitilia mafuta ya kulegeza kutu. Ya kurudisha ipakwe dawa ya kuzuia kung'ang'ana kwenye nyuzi tu, kichwa kisiguswe. Iliyoanguka kwenye sakafu ya zege ihesabu imekufa.

Na ukiona sensa ya pili, ile ya nyuma ya masega, usiichanganye na ya kwanza. Kazi yake ni kushuhudia kama masega yanafanya kazi, na umeme wake unatakiwa utulie. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wapo wanaoyang'oa na kuyauza, kisha wanaiondoa sensa hiyo ya nyuma kidogo kwenye moshi ili inyamaze. Ikinyamaza hivyo, moshi tunaupumua sote.

Msumari kwenye mfenesi

Gasketi haikuwepo Matombo. Nilimwomba fundi apake gundi ili nirudi mjini. Akatikisa kichwa: "Mzee, hapa moto utaila gundi kabla hujafika Mkuyuni. Na moshi wake utaiharibu kweli hiyo sensa tunayoitetea." Akaagiza kwa dereva wa Noah ya abiria. Gasketi ikafika kesho yake saa nne, ikafungwa.

Kisha akachukua mita yake ya kidijitali, plastiki imefungwa kwa mpira wa baiskeli, akapima sensa ya mtumba. Ilipanda na kushuka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usiku. Nikakumbuka kuwa ile ya kwanza, iliyolazwa kwenye petroli na kusuguliwa waya, bado ilikuwa chini ya kiti imefungwa gazetini. Akaifunga hiyo. Namba zikaanza kucheza: 0.8, 0.2, 0.7, 0.1, haraka kuliko nilivyoweza kuzisoma. Ilikuwa imenusurika waganga wawili.

Ile ya mtumba aliitundika kwa waya wake kwenye msumari uliogongomewa kwenye shina la mfenesi. Hapo zilikuwepo nyingine tano. Nilimuuliza ngapi kati ya hizo zimekufa.

"Mbili," alisema. "Zilizobaki wenyewe walinunua mpya kabla hawajafika hapa."

Safari ya kurudi mjomba alilala hadi Kiroka, dirisha limefungwa. Wiki ile mafuta yalifika Jumamosi.